Dakika Ishirini na Tano za Iringa

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nimekaa kwenye kokoto, ndani ya geti la ofisi yetu ya Mbeya, namnyonyesha mwanangu kupitia nondo. Mimi ndani, mtoto nje. Mama yangu mzazi alikuwa amepiga magoti upande wa barabarani, amemshikilia mjukuu wake usawa wa kifua changu. Ikupa alikuwa na miezi minne na alikuwa na njaa. Nondo hazikumhusu.

Mashine ya kidole ilikuwa imenikataa mara nne. Ukiweka kidole pale getini, mashine inaiuliza seva kama una ruhusa ya kutoka saa za kazi. Seva ikisema huna, inawaka taa nyekundu na geti linabaki limefungwa. Mlinzi wetu, Shija, kijana wa kifugaji kutoka Usangu, alisimama pembeni kama mtu aliyefiwa.

“Dada Tuse, inasema huna ruhusa.”

“Ruhusa nimeiandika mwenyewe leo asubuhi, Shija. Mimi ndiye ninayeandika ruhusa za watu wote humu ndani.”

“Najua, dada. Ila nikikufungulia bila mashine, kesho nitakuwa nachunga ng’ombe wa baba.”

“Si afadhali? Ng’ombe ananyonyesha popote anapotaka.”

Alitaka kucheka, akajizuia. Mama akamgeukia akiwa huko nje. “We kijana, na huyu mtoto mashine yako imemwandika nani? Mwizi?” Shija akavua koti lake, akalitundika kwenye nondo ili wapita njia wasinione, kisha akageuka akatazama ukuta. Namshukuru mpaka leo.

Ni yeye aliyempigia Bwana Kalinga, mkuu wetu wa mifumo, ambaye ofisi yake iko Iringa. Akanipitishia simu juu ya koti.

“Tusekile, umesahau tena kujiandika,” Bwana Kalinga akasema, kwa sauti ya upole kabisa. “Sikulaumu. Kunyonyesha kunakula kumbukumbu. Mke wangu aliwahi kuweka simu kwenye friji. Lakini kazi ni kazi. Kesho kuna gari linakuja huku, panda, uje na barua ya kujieleza. Hii ni ya tatu.”

Barua ya tatu pale kwetu ilikuwa na maana moja: unafukuzwa.

“Sawa, bosi,” nikasema.

Nikamhamishia Ikupa titi la pili. Sikulia. Nilihesabu nondo, zilikuwa kumi na moja, na nilipofika ya mwisho nilikuwa nimeshaamua kwamba barua ya kujieleza sitaiandika.

Nawaandikia haya ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya seva za saraka, na vyeti vyenu vya chuo mkononi. Mimi niliishia kidato cha nne. Nilifanya kazi hiyo miaka tisa katika kampuni ya kusafirisha mbao, nikaiacha, na leo natoa fotokopi Uyole. Nisomeni kama mstaafu, hata kama mvi sina.

Saraka ni daftari la watu lililo ndani ya kompyuta. Kila mtu ana kadi yake: jina, kituo chake, simu, milango anayoruhusiwa kupita na saa za kupita. Ukiweka daftari moja tu Mbeya, siku waya ukikatika Iringa hawafungui hata stoo. Kwa hiyo unaweka madaftari mawili, moja Mbeya na moja Iringa, na yote mawili yanaruhusiwa kuandikwa. Ukiandika hapa, kule wananakili. Wakiandika kule, hapa tunanakili. Kwa mdomo ni rahisi. Balaa linaanza pale kadi moja inapoandikwa na pande mbili kabla hazijaambiana.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Mwalyego. Alianza na redio za mawasiliano za magari, akaja kwenye kompyuta akiwa mtu mzima, na alikuwa hapendi kuguswa kibodi yake na mtu aliyekula maandazi. Mimi niliajiriwa kama karani wa usajili. Siku ya pili aliniona nasoma maandishi ya kwenye skrini wakati wenzangu wako kwenye chai, akavuta kiti.

“Mwanangu, seva haina macho,” aliniambia. “Ikiletewa kadi mbili za mtu mmoja, inatazama saa tu. Iliyoandikwa mwisho ndiyo inabaki, nyingine inatupwa. Haikuulizi.”

“Na kama saa ya upande mmoja ni ya uongo?”

“Basi mwongo atashinda kila siku, na hakuna atakayemshtaki.”

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini, kila alichosema mzee kwangu kilikuwa kichekesho. Lile jibu nililiweka mahali, nikalisahau, na kulisahau kwangu kulinigharimu miezi miwili. Kwa hiyo Bwana Kalinga alikuwa sahihi kidogo, kuna kitu nilikuwa nimesahau. Hakikuwa alichodhani yeye.

Mzee alikuwa na sheria zake. Kwanza, kila unachoandika kwenye seva kiandike pia kwa kalamu kwenye kaunta buku: saa, jina la mtu, ulichobadilisha. Saa isome kwenye simu yako, usiisome kwenye ile kompyuta unayoiandikia. Niliona ni kazi ya mara mbili. Pili, andika asubuhi tu, mchana soma. Enzi zake mtandao wetu ulikuwa mwembamba, na mchana mameneja walikuwa wanatumiana picha za magogo, kwa hiyo kadi zilikuwa zinasubiri kwenye foleni mpaka jioni. Sheria hiyo ilikuwa nzuri kwa wakati wake. Mtandao ulipokuwa mnene hatukuiondoa, tulikuwa tumeshaizoea. Ikumbukeni hiyo ya asubuhi, itarudi.

Makosa yangu mwenyewe yapo, siyafichi. Tulipofungua kituo Mgololo, nilitumwa kuweka seva ya tatu. Nikaona kuisimika upya kutanichelewesha, nikanakili diski nzima ya Iringa, nikaipeleka Mgololo, nikawasha. Iliwaka vizuri, nikajisifu njia nzima. Nilichosahau ni kwamba kila seva ina namba yake, na namba hiyo inagongwa kwenye kila kinachoandikwa, kama muhuri. Iringa ilikuwa namba mbili. Mgololo nayo, kwa sababu ni nakala, ikawa namba mbili. Kila kilichotoka Iringa, Mgololo ilikitazama ikasema hiki nimeandika mimi, sina haja nacho. Iringa nayo ikafanya hivyohivyo. Mgololo iliishi kivyake siku mbili nzima bila kulalamika, na seva isiyolalamika ndiyo ya kuiogopa. Mzee hakunigombeza. Alibadilisha ile namba, akaifuta saraka ya Mgololo, akaijaza upya kutoka Mbeya, na tangu siku hiyo akawa ananiita Namba Mbili. “Namba Mbili, njoo tunywe chai. Au umeshakunywa kule Mgololo?”

Halafu kuna ile ya dereva wa Igowole. Greda la barabara lilikata waya wetu pale Igawa, Mbeya na Iringa zikawa hazisikilizani kutwa nzima. Siku hiyohiyo dereva mpya alisajiliwa Mbeya, na Iringa nao, wasijue, wakamsajili. Waya uliporudi, saraka ilikuwa na madereva wawili wenye jina moja na sura moja. Stoo ikampa mabuti ya mvua jozi mbili. Nilipompigia kumwambia arudishe moja, akajibu, “Dada, mfumo wenu mzuri sana huo. Ukatike tena wiki ijayo, mke wangu naye hana mabuti.” Baada ya hapo tukakubaliana: mtu mpya anasajiliwa upande mmoja tu, wa kituo chake, hata kama waya umekatika mwezi mzima. Kompyuta inaweza kuruhusu pande zote mbili ziandike kila kitu. Ninyi msiruhusu. Gawaneni.

Mzee alistaafu, akarudi Tukuyu kulima ndizi. Mimi nikabaki na saraka ya Mbeya, nikaolewa, nikabeba mimba, nikaenda likizo ya uzazi. Kabla ya likizo, kwa miaka yote ile, kadi niliyoandika haikuwahi kupotea. Niliporudi zikaanza kupotea.

Nilikuwa naandika asubuhi, natazama, naiona. Nikitoka kwenye chai, haipo, imerudi ya zamani. Fundi aliyehamishiwa Mgololo anafika kule geti halimjui, anashinda nje kwenye baridi. Mama wa jikoni aliyebadilisha zamu anakataliwa kuingia. Siku ya kwanza nilidhani sikubonyeza kuhifadhi. Siku ya pili nikabonyeza mara tatu. Ofisini wakaanza utani: Mama Ikupa, leo umevaa viatu vyote viwili? Mama Ikupa, jina langu nani? Barua ya onyo ya kwanza ikaja, nikaisaini, kwa sababu nilikuwa silali vizuri na nilishaanza kuwaamini. Ya pili nikaisaini. Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko geti. Nilijitilia shaka mimi, binadamu, kabla ya kuitilia shaka mashine.

Ruhusa yangu ya kunyonyesha nayo ilikuwa humohumo. Sheria ya kazi inampa mama muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, na utumishi, baada ya kunizungusha zaidi ya mwezi, walinisainia karatasi. Lakini karatasi haifungui geti. Ruhusa za kutoka zilikuwa zinaisha kila Ijumaa, kwa hiyo kila Jumatatu naziandika upya za watu wote, na yangu. Wiki mbili za mwanzo za karatasi hiyo yangu ilishika. Jumatatu ya tatu ndiyo ile ya nondo.

Kesho yake tuliondoka Mbeya alfajiri na gari la kampuni lililokuwa linafuata matairi. Mama alikataa kubaki. “Wakikufungia na huko, nani atamshika mtoto?” Akakaa nyuma na Ikupa na chupa ya uji wake mwenyewe. Mimi nilikuwa na kaunta buku mapajani. Kati ya Igawa na Makambako nilianza kupigia mstari kila kilichopotea tangu nirudi. Tulipofika Mafinga nilikuwa nimemaliza, nikazisoma saa nilizoandika pembeni.

Vyote vilivyopotea niliviandika kati ya saa mbili na dakika tano na saa mbili na nusu asubuhi. Vyote. Nilichoandika kabla ya hapo kilishika. Nilichoandika saa tatu kilishika. Zile Jumatatu mbili ruhusa yangu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, nikaiandika saa mbili kamili. Jumatatu ya tatu niliiandika saa mbili na kumi, kwa sababu Ikupa alikuwa amenitapikia nikarudi ndani kubadilisha blauzi.

“Mama,” nikasema, “mimi sisahau.”

“Nani alisema unasahau?” Mama akauliza. Hakuwa anajua. Nilikuwa nimeona aibu kumwambia.

Tulifika ofisi ya Iringa saa nne na dakika hamsini kwa simu yangu. Pale mapokezi, ambapo pia ndipo ilipo masijala ya barua, kuna saa kubwa ya ukutani. Ilionyesha saa tano na robo. Nikatazama simu, nikatazama ukuta. Aliyekaa mezani alikuwa Dada Zulfa, ambaye tulijuana kwa sauti ya simu tu miaka yote.

“Zulfa, saa yenu inakimbia.”

“Hiyo? Hiyo ya bosi.” Hakuinua hata kichwa. “Aliisogeza ili tuwahi kazini. Mwezi wa kwanza tuliwahi kweli. Sasa kila mtu anatoa dakika ishirini na tano kichwani, tunafika tulivyokuwa tunafika.”

“Ni ya ukutani tu?”

“Alianza na seva, maana mashine ya kidole inachukua saa huko. Ya ukutani ikafuata ili tusibishane na mashine.”

“Lini?”

Akafikiri. “Wewe ulikuwa umejifungua. Tulikuwa tunachanga hela ya kanga yako.”

Nilikaa kwenye benchi. Mashine ya kidole ya Iringa inafunga mahudhurio saa mbili na nusu, na ikifunga inagusa kadi ya kila mfanyakazi wa kampuni, wa Mbeya pamoja, inaandika amefika au hajafika. Kwa saa ya bosi ilikuwa saa mbili na nusu. Kwa saa ya kweli ilikuwa saa mbili na dakika tano. Kwa hiyo kila asubuhi, kuanzia saa mbili na dakika tano, kadi zote zilikuwa na muhuri wa saa mbili na nusu, saa ambayo ilikuwa haijafika. Mimi nikiandika saa mbili na kumi, Iringa inasema hii ya Mbeya ni ya zamani, inaitupa, kisha inanirudishia ya kwake. Kwenye mfumo wetu ni kadi nzima iliyokuwa inashinda, siyo mstari mmoja. Mwongo alikuwa anashinda kila siku, kama Mzee alivyosema. Na mimi, kwa sheria ya huyohuyo Mzee, nilikuwa naandika asubuhi.

Niliingia kwa Bwana Kalinga na kaunta buku. Sikupiga kelele. Nilimwomba Zulfa aingie na yeye, nikawaonyesha kwa kadi ya majaribio ambayo Mzee aliiacha, ya mtu asiyekuwepo anayeitwa Bwana Mtihani. Zulfa akaandika kwenye seva ya Iringa kwamba Bwana Mtihani ni dereva. Nikasubiri ifike Mbeya. Kisha nikaingia kwenye seva ya Mbeya kutokea palepale, nikaandika kwamba ni mpishi. Tukakaa. Baada ya muda Bwana Mtihani akawa dereva tena, pande zote mbili.

“Umesahau kuhifadhi?” Zulfa akaniuliza, uso mkavu. Nilimpenda hapohapo.

Bwana Kalinga alitazama skrini. Siyo mjinga, alielewa. Nilimwona anaelewa, na nikamwona anahesabu: akikubali hii, barua mbili alizoniandikia zitakuwa za nini?

“Tusekile, tangu nisogeze saa, uchelewaji umekwisha.”

“Haujaisha, bosi. Umepimwa na saa ya uongo.”

“Usinifundishe. Seva zangu mimi, saa yangu mimi. Barua ya kujieleza iko wapi?”

“Sina.”

“Andika sasa hivi. Useme ulisahau, mimi nitaona namna ya kukutetea.”

Nikatoka. Mama alikuwa anamtembeza Ikupa uani, anamwimbia kwa Kinyakyusa. Nikamwomba Zulfa karatasi mbili na bahasha. Alipoona jina la niliyemwandikia, akainamia meza.

“Dada, hii haijapita kwa mkuu wako. Utaratibu barua inapita kwake kwanza.”

“Inamhusu yeye. Nipitishe kwake ili aisahau?”

Akavuta kibweta cha mihuri karibu yake, akangoja nimalize.

Nilipokuwa naandika nilimfikiria Mzee na kalamu yake. Wadogo zangu, mtafundishwa kuunganisha seva tano, kumi, mtafundishwa mambo ambayo mimi sikuwahi kuyaona. Siku kitu kikipotea, kabla hujamtazama mtu usoni, iulize kila seva ni saa ngapi, na ulinganishe na ya mwenzake. Ni amri moja ya maneno mafupi. Mimi sikuiuliza miezi miwili.

Hii ndiyo niliyoiwasilisha. Nakala ninayo, naitoa hapa neno kwa neno.

Tusekile, Msimamizi wa Saraka,
Ofisi ya Mbeya.

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Iringa.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU SAA YA SEVA YA IRINGA NA KUNYIMWA MUDA WA KUNYONYESHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nalalamika kwamba saa ya seva ya Iringa imesogezwa mbele dakika ishirini na tano kwa makusudi, na kwamba kwa sababu hiyo kila nilichoandika Mbeya kati ya saa mbili na dakika tano na saa mbili na nusu asubuhi, tangu nirudi likizo ya uzazi, kimefutwa. Naambatanisha kurasa za kaunta buku langu. Jaribio limefanyika leo mbele ya Mkuu wa Mifumo na Karani wa Masijala na limetoa jibu hilohilo.

Nalalamika kwamba jana mchana nilizuiwa getini nisiende kunyonyesha wakati karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na utumishi ipo, na nikamnyonyesha mtoto kupitia nondo za geti. Mlinzi alitii mashine, simlalamikii.

Nalalamika kwamba nimepewa barua mbili za onyo kwa kosa la kusahau, na leo nimetakiwa kuandika ya tatu nikiri kusahau baada ya sababu ya kweli kuonekana. Sikiri. Naomba barua zile mbili ziondolewe kwenye faili langu na saa irudishwe. Nilizisaini kwa sababu niliamini kwamba nina kasoro. Sina.

Nimemnakilia Ofisa wa Kazi wa Mkoa, kwa sababu barua ikiandikwa mahali pamoja tu inaweza kufutwa.

Naomba pia ipokelewe kwa muhuri wenye saa.

Tusekile, mama wa Ikupa.

Imepokelewa Masijala. Saa ya ukutani, sita kamili. Saa ya kweli, tano na dakika thelathini na tano. Zulfa.